Semina ya likizo ya vijana wa sekondari huku Buruburu: nililipa 4,500, siku tatu tu ndio zilinifaa

Haya, niliwaahidi wamama wa ploti nitaandika venye ilienda, so hii hapa. Ni ile programu ya likizo ya Aprili, siku tano, inafanyiwa kwa ukumbi wa kanisa upande wa Buruburu, posta zao walibandika mpaka kwa stegi ya Umoja zikisema mtoto atarudi na hamu ya kusoma na atajua kusudi lake. Jina lao sitaweka juu kuna mahali nitawasema vibaya na sitaki maneno na mtu. Bei ni 4,500 na lanchi iko ndani, tishati ni 800 zaidi na hapo tayari nilianza kununa.

Mimi nilimpeleka kijana wangu juu nilikuwa nimefika mwisho. Yuko kidato cha 3, hawa ndio wa mwisho kabisa wa 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa shule, watafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, 2027 halafu basi imeisha, na yeye anaongea ni kama hiyo 2027 iko sayari ingine. Ripoti ya Januari mpaka Aprili fizikia ilikuwa 31. Nikimuuliza anasema "mum, si nitasoma", na si eti ni mtoto mbaya, hanywi, halali nje, ni kukaa tu na simu macho yamekufa. Hiyo macho ndio ilinitisha kuliko 31.

Kitu ya kwanza niliuliza kabla nitume pesa ni kama hii ni tuition imevalishwa nguo ingine, juu tuition ya likizo ilikatazwa na sheria ya elimu ya 2013 na kuna watu wanaifanya chini ya maji wakiiita majina mazuri mazuri. Wakaniambia hakuna kitabu inafunguliwa. Hapo walisema ukweli.

Sasa Jumatatu. Aki Jumatatu. Waliandika saa mbili, wakaanza saa nne kasoro, halafu wakaleta msee na maikrofoni. Sikuwa ndani lakini wazazi tulikaribishwa saa za mwisho na nikajionea, jamaa anapiga nduru "sema mimi ni mshindi! mwambie jirani yako wewe ni mshindi!" watoto wanarukaruka, wengine wanalia, wangu naye amesimama nyuma kama mtu anangoja mvua iishe. Mwishoni akauzia watoto kitabu chake 500. Watoto! Wenye wamepewa 100 ya boda! Jioni kijana nikamuuliza umejifunza nini akasema "nimejua mimi ni mshindi" na akaenda kulala. Nilihesabu 4,500 kwa kichwa nikahesabu ni kutoa ngapi na kuweka ngapi pale kwa kibanda changu cha M-Pesa ndio nipate hiyo komisheni, nikalala nimekasirika.

Jumanne ndio ikageuka, na ni juu ya mama mmoja, mwalimu alishastaafu, sauti ya chini, hana mambo mingi. Hakuwauliza ndoto zao. Naona alikuwa anajua ukiuliza ndoto unapata daktari 20 na rubani 15. Aliwapa karatasi akawaambia andika Jumamosi iliyopita ulifanya nini bila kuambiwa na mtu. Wangu akaandika amelala mpaka saa tano halafu maji ikakuja. Madam akamuuliza, na maji ikikuja? Ndio ikatoka kwamba hapa kwetu maji ikifunguliwa ni yeye hupanda juu ya paa kuangalia ile floti ya tangi, juu hukwama, alishaifunga na waya yake mwenyewe na sasa ploti mzima haimwagi maji. Mimi naishi na yeye na sikuwa nimewahi kuona hiyo kama kitu, nilikuwa namgombeza ati ashuke kabla aanguke. Madam akamweka kwa kikundi cha wenye wataenda na mafundi.

Kwa hivyo Jumatano wakagawanywa vikundi vya watoto sita sita, wengine wakaenda kwa maabara ya zahanati, wengine kwa duka la kushona, wangu wakapelekwa kwa jengo moja ya maofisi Mombasa Road na fundi wa lifti. Siku nzima. Wakapandishwa mpaka kile chumba cha juu kwa paa chenye mota inakaa. Fundi akawauliza, hii lifti inabeba watu 10, mnafikiri mota inavuta watu 10 wote na hiyo boksi ya chuma? Wakasema eeh. Akawaonyesha upande ule mwingine wa kamba kuna mzigo wa chuma unashuka lifti ikipanda, na uzito wake ni kama wa boksi ikiwa tupu pamoja na karibu nusu ya mzigo wa watu, kwa hivyo mota inashughulika na tofauti peke yake. Na lifti ikiwa tupu inapanda, mota hata haivuti, inazuia, juu ule mzigo wa upande wa pili ndio mzito.

Najua haya yote juu kijana alinichorea nyuma ya rejista yangu ya wateja saa tatu usiku. MWENYE ALIKUWA HAONGEI. "Mum hii ni ile mada ya mashine ya fomu 3, ile nilipata mbili juu ya kumi na tano, mwalimu alichora pulei kwa ubao sikujua ni ya nini." Nikanyamaza nisiharibu.

Halafu huyo fundi aliwaambia bila aibu kwamba yeye alipata C minus, akaenda politekniki akafanya diploma ya umeme. Nimesikia wazazi wengine wakilalamika ati hiyo ni kuwashusha watoto. Mimi naona kinyume. Huyu wangu alikuwa ameamua kichwani kwamba kama si C plus ya kuingia yunivasiti basi ni jaa, ndio maana alikuwa ameacha kujaribu, sasa amejua C minus inamwingiza diploma na kuanzia hapo anapanda.

Alhamisi ilikuwa michezo na maombi, sina neno. Githeri ilikuwa na chumvi.

Ijumaa wakafanya hesabu za KUCCPS, wale wa kupanga watoto kwa yunivasiti na vyuo, na hapa nawapa maua yao. Wengi wetu wazazi tunajua tu gredi ya mwisho, hatujui kozi inaangalia clasta, yaani yale masomo manne yenye kozi hiyo inataka, na inahesabiwa juu ya 48, unaweza kuwa na C plus yako safi ya pointi 46 juu ya 84 na uenjinia ukukatae juu fizikia ulilala. Kijana alijihesabia mwenyewe na kalamu. Hakuna mtu alimpigia kelele, namba ndio ilimwambia.

Lakini hapo hapo kuna kosa kubwa. Walichanganya watoto wa 8-4-4 na wa Gredi ya 10 wa mfumo mpya, na hawa wa Gredi ya 10 walioanza Januari wako kwa njia zao tatu, STEM (sayansi, teknolojia, uenjinia na hesabu), sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Binti ya dada yangu yuko hiyo ya sanaa, Ijumaa alikaa masaa matatu akisikiliza clasta ambazo hazimhusu. Dada yangu alilipa 4,500 ile ile. Na grupu ya WhatsApp waliyosema itafuatilia watoto mpaka Agosti, meseji ya mwisho ni ya tarehe ya kuchukua tishati.

Mitihani ya katikati ya muhula fizikia imekuja 44. Siwezi apa ni lifti.

Wakifungua usajili wa Agosti nitalipa tena, lakini Jumatatu atabaki hapa anisaidie kwa kibanda, na huyo wa Gredi ya 10 asiende mpaka watenganishe madarasa.