Uzoefu wangu na LosslessCut: kuunganisha faili za video bila sauti kuachana na midomo

Kazi yangu hapa Lubumbashi ni kurekodi harusi, misa na tamasha za kwaya, na programu ninayoitegemea kuunganisha vipande vya rekodi ni LosslessCut, programu huria iliyoanzishwa na Mikael Finstad. Ndani yake imebeba FFmpeg, mtambo maarufu wa kuchakata sauti na picha ambao Fabrice Bellard aliuanzisha mwaka 2000, kwa hiyo mtu anapata nguvu za FFmpeg bila kuandika amri hata moja. Ninaieleza kwa kirefu kwa sababu wenzangu wengi wa kazi hii, hasa wanaotumia kompyuta za zamani, bado wanapitisha kila rekodi kwenye programu nzito ya uhariri hata pale ambapo kinachotakiwa ni kushikiza kipande cha pili nyuma ya cha kwanza, basi.

Vipande hivyo vinatokana na kadi ya kumbukumbu. Kadi iliyoumbizwa kwa mfumo wa FAT32 haiwezi kubeba faili moja inayozidi gigabaiti 4, ndiyo maana kamera hufunga faili inapofika hapo na kufungua nyingine huku ikiendelea kurekodi. Ukirekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde, faili moja hujaa baada ya dakika kumi na moja hivi, na misa ya Pasaka inayochukua saa tatu hutoka ikiwa vipande zaidi ya kumi na vitano. Mteja hataki vipande; anataka faili moja kwenye flashi, aiweke kwenye televisheni ya sebuleni na kutazama mpaka mwisho.

Programu niliyokuwa nikiitumia awali, ambayo sitaitaja, iliunganisha vizuri machoni lakini si masikioni. Nusu saa ya kwanza haikuwa na kasoro, kisha sauti ikaanza kubaki nyuma kidogo kidogo, hata kufikia wimbo wa kutoka, mkono wa mpiga ngoma ulikuwa umekwisha kupanda tena ndipo mlio wa ngoma ukasikika. Mama mmoja, kiongozi wa kwaya huko Katuba, aliitazama rekodi hiyo kimya, kisha akaniambia: «Mwanangu, mdomo nimekwisha kuufunga, mbona sauti yangu bado inaimba?» Sikuwa na jibu la kumpa siku hiyo, ila tangu hapo nililitafuta mpaka nikalipata.

Jibu lenyewe liko katika namna sauti inavyofungashwa. Sauti ya aina ya AAC, ambayo ndiyo inayotumiwa na kamera na simu nyingi, huhifadhiwa katika vifurushi vya sampuli 1,024, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti. Iwapo imerekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, kila kifurushi huchukua milisekunde 21 na ushei, ilhali kwa video ya fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde kila fremu huchukua milisekunde 40. Vipimo hivi viwili havigawanyiki sawasawa, kwa hiyo ni nadra sauti na picha za faili moja kuishia pamoja kabisa. Programu inayopanga picha zote kwenye mstari wake na sauti zote kwenye mstari wake, bila kuzilinganisha kila kipande kinapoanza, huibeba tofauti hiyo ndogo kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Milisekunde 20 hazimsumbui mtu, lakini zikijirudia katika viungo kumi na vitano zinakuwa 300. Pendekezo la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, lililotolewa mwaka 1998, linasema mtazamaji huanza kugundua kasoro sauti inapotangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, au inapochelewa kwa 125. Tumezoea zaidi sauti inayochelewa, na ndivyo ilivyo hata kwa mtu anayetazama fundi akigonga nyundo ng'ambo ya uwanja.

LosslessCut haingii katika mtego huo, kwa kuwa FFmpeg huhesabu mahali faili iliyotangulia ilipokwisha, kisha huanzisha sauti na picha za faili inayofuata pamoja kutoka hapo. Tofauti ikiwapo, inabaki kwenye kiungo chake na hairithiwi na kipande kinachofuata. Kwa sikio langu, kinachobaki ni mkatiko mdogo sana wa sauti pale faili zinapokutana; katika hotuba hausikiki, ila katika kinanda kinachoshikilia noti ndefu, anayeujua huusubiri na kuusikia.

Namna ya kuitumia haina mengi ya kueleza: unaburuta faili zote ndani ya dirisha, unachagua kuziunganisha, unahakikisha mpangilio, unaanza. Kwenye mpangilio ndipo pa kuwa makini. Kamera za GoPro, kwa mfano, huandika namba ya kipande kabla ya namba ya rekodi, hivyo GX010034 hufuatwa na GX020034, na ukizipanga kwa alfabeti huku kukiwa na rekodi kadhaa kwenye kabrasha moja, vipande vya kwanza vya rekodi zote vitakaa pamoja. Mimi huweka kila rekodi kwenye kabrasha lake.

Kwa kuwa haikokotoi picha upya, kazi yake ni kunakili tu, na mwendo wake ni mwendo wa diski. Rekodi ya saa tatu ambayo programu ya uhariri ingeikokotoa usiku kucha inakamilika kabla sijamaliza chai, na ubora unabaki uleule uliotoka kwenye kamera. Katika mji ambao umeme unaweza kukatika wakati wowote, kazi inayokwisha ndani ya uwezo wa betri ya kompyuta ina thamani kubwa kuliko kitufe chochote cha mapambo.

Sasa nije kwenye mipaka yake, kwani ipo, na inaonekana zaidi kwenye harusi. Siku ya kutoa mahari, kila baba mdogo na kila shangazi anarekodi kwa simu yake, na jioni wote wanataka vipande vyao viingie kwenye video ya familia. Faili hizo si ndugu. Moja ina sauti ya sampuli 44,100 kwa sekunde na nyingine 48,000. Ukiziunganisha kwa kunakili, kichezaji kinaweza kuisoma sauti ya kwanza kwa mwendo wa pili, na saa nzima ya maneno ikaingia katika dakika 55, wazee wakazungumza kwa sauti nyembamba kama watoto. LosslessCut hukagua faili kabla ya kuziunganisha na kukuonya zinapotofautiana. Onyo hilo lisipuuzwe.

Simu zina tabia nyingine pia: nyingi hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kulingana na mwanga, na ukumbi ukiwa na giza fremu hupungua. Programu inayochukulia kwamba fremu ni 30 daima itapotea njia. Hata tofauti ndogo ya 29.97 na 30 inazaa sekunde 3.6 katika saa moja. Kwa faili kama hizo nazifungua kwanza katika MediaInfo, programu inayoonyesha maelezo ya ndani ya faili, nione kama mwendo wa fremu haubadiliki, kisha nazipitisha kwenye HandBrake, programu ya kukokotoa video upya, nikichagua mwendo usiobadilika wa fremu 25 na sauti ya sampuli 48,000. Hatua hiyo inachukua muda na inapunguza ubora kidogo, lakini hakuna njia ya mkato hapo. Baada ya kusawazishwa hivyo, na ukubwa wa picha ukiwa uleule, LosslessCut inaziunganisha bila kulalamika.

Ukataji wake nao si wa kukata nywele. Kwa kuwa haikokotoi upya, hukata vizuri kwenye fremu kuu tu, yaani zile chache zilizohifadhiwa kama picha kamili, kwa hiyo usitarajie kuondoa kikohozi cha padri kwa usahihi wa fremu moja.

Kabla ya kumkabidhi mteja, mimi hukagua mwisho wa video, maana mwanzo karibu kila mara huwa sawa. Natafuta watu wanaopiga makofi. Sauti ikiwa imechelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, inatosha kuisogeza. Ikiwa inazidi kuchelewa polepole ndani ya kipande kimoja, tatizo ni mwendo wa fremu au wa sampuli, na faili hiyo irudi HandBrake. Ikiwa inaruka ghafla kwenye kila kiungo, basi aliyeziunganisha alitumia chombo kisichofaa.

Kuhusu bei, toleo la GitHub, tovuti ambako programu huria huwekwa, ni la bure na linafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Lile la Microsoft Store na la Mac App Store hulipiwa, na malipo hayo husaidia maendeleo ya programu. Ikishawekwa haihitaji intaneti. Wenye kompyuta za Windows 7 au 8 wasipakue toleo jipya, kwa kuwa halitafunguka. Watafute toleo 3.50.0, ambalo ndilo la mwisho linalokubali mifumo hiyo, na kwa kazi ya kuunganisha linatosha kabisa.