Wasia au hiba kwa mwenye nyumba Mombasa

Mwislamu wa Mombasa anayetaka kupanga mali yake mapema hukuta njia mbili, wasia na hiba (zawadi ya mali), na mara nyingi huzichanganya. Wasia hutekelezwa baada ya kifo, gharama za maziko na madeni yakishalipwa, wala hauvuki thuluthi moja ya kinachobaki. Tena haumfai mrithi isipokuwa warithi wenzake waridhie. Kwa hiyo mzee anayeandika kwamba nyumba yake ya Mji wa Kale apewe binti aliyemuuguza huenda ameandika jambo ambalo kadhi hatalipitisha nduguze wakikataa.

Hiba haina kikomo hicho, kwani mwenye mali huitoa akiwa hai na mzima, ila ni lazima akabidhi kweli. Hapa ndipo wengi hukwama: baba hutamka mbele ya jamaa kwamba nyumba ni ya binti, kisha huendelea kupokea kodi ya wapangaji, na hati ikabaki kwa jina lake. Hiba ya maradhi ya mauti nayo huhesabiwa kama wasia.

Wasia hubadilishwa wakati wowote. Hiba ikishakabidhiwa haivunjwi hivi hivi, ingawa madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi pwani, humruhusu mzazi kurejea alichompa mwanawe kikiwa bado mikononi mwa mwana huyo.

Mimi ningempa binti hiba, nikamwachia wasia mjukuu yatima anayezuiwa kurithi na ami zake. Mwenye nyumba isiyo na ardhi, yaani iliyosimama juu ya ardhi ya mtu mwingine, jambo la kawaida hapa Mombasa, kwa njia zote mbili hutoa kuta na paa tu.