Baiskeli za mitumba za watoto kwa triathloni: ya Ulaya, ya Kijapani au mpya ya dukani?

Kwa mtoto wa miaka 7 hadi 12 anayeingia triathloni (kuogelea, baiskeli, kisha kukimbia) kwa mara ya kwanza, mtumba wa aluminiamu kutoka Ulaya ni bora kuliko baiskeli mpya ya chuma yenye springi mbele na nyuma. Hiyo mpya inang'aa na mtoto ataililia, lakini mara nyingi ina kilo 13 au 14. Mtoto wa miaka 9 ana kama kilo 28, yaani anasukuma nusu ya uzito wake. Mtu mzima wa kilo 70 angepewa baiskeli ya kilo 35 angeirudisha dukani siku hiyohiyo. Tena springi za bei hiyo hazina kazi kwenye lami: kila mtoto anapokanyaga kwa nguvu, sehemu ya nguvu hiyo inaishia kuibonyeza springi badala ya kuzungusha gurudumu.

Uzito una maana kwa sababu baiskeli ndiyo inayokula muda mwingi. Uingereza, watoto wa miaka 9 na 10 huogelea mita 150, huendesha kilomita 4 kwenye lami, kisha hukimbia kilomita 1.2. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, hizo kilomita 4 ni dakika 16, zaidi ya kuogelea na kukimbia kwa pamoja. Kwa hiyo nenda dukani na ile mizani ndogo ya kuning'iniza mizigo ya safari. Gurudumu la inchi 20, aluminiamu, foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) isiyo na springi: kilo 8 hadi 9 ni nzuri sana, 10 inavumilika.

Saizi ndipo wazazi wengi wanapojidanganya kwa kusema "atakua nayo". Inchi 20 inamfaa mtoto wa kimo cha kama sentimita 115 hadi 130, inchi 24 kuanzia hapo hadi 145 au 150. Akisimama ameipanda katikati, bomba la juu liachane naye kwa sentimita 3 au zaidi. Akiketi, ncha za vidole vya miguu yote miwili ziguse chini. Baiskeli kubwa mno inamwangusha palepale kwenye mstari wa kupandia baiskeli baada ya kuogelea, mbele ya watu, akiwa bado ana maji masikioni. Na vidole vyake havifiki kwenye mkono wa breki. Hili la breki linaweza kurekebishwa: mikono mingi ya breki ina skrubu ndogo upande wa ndani. Ikazwe, mkono usogee karibu na usukani, kisha waya uvutwe upya.

Sasa, asili ya mtumba. Kwenye maduka ya mitumba ya Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa utakutana na Kijapani kwa wingi, na ndiyo yenye mtego mkubwa zaidi: tairi. Usisome "inchi 20" peke yake. Ubavuni mwa tairi kuna namba ndogo kama 47-406 au 37-451. Ya pili katika kila jozi ni kipenyo, kwa milimita, cha pale tairi linapokalia rimu. 406 ni ile ya BMX, tairi na tyubu zake hupatikana kirahisi. 451 nayo huitwa inchi 20, lakini tairi la 406 haliingii humo hata fundi akilivuta kwa bisibisi tatu. Mbaya zaidi ni inchi 22 ya Kijapani, 501, ambayo tairi lake ni nadra madukani kwetu. Ukiona 501 na tairi lina nyufa ubavuni, iache. Tairi lililokaa miaka kwenye ghala na kontena linaweza kuwa na meno mazima kabisa huku ubavu umekauka. Libonye kwa kidole gumba, nyufa zitajifungua.

Kosa la pili la Kijapani ni breki ya nyuma ya bendi, ile yenye kikombe cha chuma kwenye kitovu cha gurudumu. Inapiga kelele, na fundi asiyeijua atatia oili ili inyamaze. Itanyamaza kweli, na haitashika tena. Bendi ikishanywa oili, badilisha. Vinginevyo baiskeli hizi ni imara, na ukivua kikapu, karieli, madigadi, kufuli na dinamo unapunguza zaidi ya kilo 2. Stendi iache mpaka uwaulize waandaaji: baadhi ya mashindano ya watoto hupanga baiskeli kwa stendi, mengine huzitundika kwa siti kwenye bomba.

Za Ujerumani na Uholanzi ni nzuri, ila chunguza nyuma. Nyingi za watoto hufunga breki kwa kukanyaga pedali kinyume. Kwa triathloni hilo ni usumbufu: mtoto hawezi kurudisha pedali nyuma ili iwe juu tayari kwa kukanyaga, na cheni ikichomoka, breki ya nyuma imekwenda nayo. Kubali aina hii kwa watoto wadogo tu, tena iwe na breki ya mkono mbele. Za gia 6 zenye breki za mkono pande zote ndizo za kutafuta. Angalia pia upande: Ujerumani, mkono wa kushoto ndio wa breki ya mbele. Uingereza na Japani ni wa kulia, na watoto wetu wengi wamezoea hivyo. Mtoto akifika kwa kasi kwenye mstari wa kushukia na kuminya wa kushoto kwa mazoea, akidhani ni wa nyuma, gurudumu la mbele litakaba na yeye ataruka juu ya usukani. Fundi ahamishe waya za breki, wa kushoto uende kulia na wa kulia kushoto, siku ya kwanza, kisha mtoto aendeshe nayo angalau wiki mbili.

Cheni ipime kwa rula. Pini 25 mfululizo, yaani nafasi 24, ziwe milimita 304.8. Zikifika 306.5 nunua cheni mpya. Zikizidi 308, meno ya nyuma huenda yamelika pia, na cheni mpya itaruka juu yake kila mtoto akisimama kukanyaga. Punguza bei kwa kiasi hicho au ondoka. Pedali ya kushoto ina nyuzi za skrubu za kinyume: hufunguliwa kwa kuzungusha upande wa saa. Kama inakaa imepinda, kuna mtu aliilazimisha, na krenki (mkono unaoshika pedali) ya aluminiamu iliyoharibiwa nyuzi haina dawa ya kudumu.

Ukishainunua: raba mpya za breki, waya mpya, grisi, na tairi laini lisilo na meno ya tope. Kwa 20 x 1.75 na mtoto wa kilo 30, upepo wa psi 30 hadi 35 unatosha. Ukijaza mpaka kikomo kilichoandikwa ubavuni, baiskeli itarukaruka kwenye kona. Ncha za usukani zizibwe. Bomba lililo wazi hukata nyama kama kisu, na mkaguzi ataizuia baiskeli isiingie. Kizibo cha chupa kilichochongwa kinafaa kabisa.

Kofia ngumu ndiyo pekee isinunuliwe mtumba. Povu lake likishabonyea kwa ajali moja, halilindi tena, na kwa nje huoni kitu. Tafuta alama ya EN 1078, kiwango cha Ulaya cha kofia za baiskeli, ikae vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda uruhusu kidole kimoja chini ya kidevu. Ifungwe kabla mtoto hajaigusa baiskeli, na isifunguliwe mpaka ameirudisha mahali pake. Kuvunja sheria hiyo kunaweza kumtoa mashindanoni. Mfanyishe mazoezi hayo mikono ikiwa imelowa, kwa sababu kifungo kinachofunguka sebuleni kwa sekunde moja huwa kigumu kwa vidole vilivyotoka majini.