Sony DSX-A410BT: redio ambayo mwizi akiikuta hana pa kuiuza

Habari zenu jamani, karibuni tena. Leo niko ndani ya gari, Toyota IST, na naomba mtu asitoke kwanza, kuna kitu nataka mkisikie wenyewe. Redio inaimba, mnaisikia. Sasa nazima gari. Tulieni.

Mmesikia huo mlio? Hiyo siyo simu yangu wala siyo alamu ya gari. Ni redio yenyewe inalalamika kwamba nimezima gari na sijachomoa uso wake, yaani ile paneli ya mbele yenye vitufe. Ngoja niwashe tena, nizime tena. Haya, hapo! Sekunde chache tu, halafu inanyamaza. Mimi huo mlio naupenda kuliko kitu kingine chochote kwenye redio hii.

Jina lake ni Sony DSX-A410BT. Bluetooth, USB, wati ngapi, hayo yote yameandikwa kwenye boksi, siyarudii. Sidii haipigi, haina hata sehemu ya kuiingizia. Tumemaliza. Leo nataka tukae kwenye huu uso unaochomoka, kwa sababu kila wiki napata ujumbe ule ule kwenye maoni: "Kaka, nimevunjiwa kioo, wamebeba redio, nifunge ipi sasa?" Na watu wakijibu hapo chini wanataja redio za skrini kubwa ya kugusa, ukubwa wa skrini, RAM ya skrini. Ndugu yangu ameumia kwa sababu ya kitu kinachong'aa kwenye dashibodi, halafu mnamshauri afunge kinachong'aa zaidi!

Hebu lete kamera hapa karibu. Karibu kabisa, waone kidole changu. Kwanza nashikilia OFF mpaka redio izime kabisa. Usichomoe uso redio ikiwa inaimba. Imezima. Sasa nabonyeza hiki kitufe cha kufungulia, uso unaachia, nauvuta kuja kwangu. Umetoka. Huu hapa mkononi: vitufe vyote, kioo cha maandishi, kitufe cha kuzungusha sauti, vyote viko hapa. Ni mwepesi, unaingia mfuko wa shati.

Sasa angalieni kilichobaki kwenye dashibodi. Tochi hapo, tafadhali. Ni bati jeusi na plastiki. Hakuna cha kubonyeza, hakuna kinachowaka. Mwizi anayevunja kioo cha gari haibi redio ili akasikilize taarifa ya habari nyumbani kwake. Anaiba auze, tena auze haraka, leo leo. Akiing'oa hii anakwenda kumwambia nini mnunuzi? Haiwaki. Ili iwake anahitaji uso wa modeli hii hii, na uso ninao mimi, nakunywa nao chai.

Naurudisha sasa, mwangalie, maana hapa ndipo watu wanavunja. Msiusukume wote kwa pamoja kwa nguvu. Upande mmoja unatangulia, unaingia kwenye kishikio chake, ukishatulia ndipo unasukuma ule mwingine mpaka usikie "ta!". Basi. Ukiona unatumia nguvu, ujue umeuweka vibaya, toa uanze upya. Na huku nyuma, sogeza kamera, mnaona hizi nukta za chuma? Hapa ndipo umeme na mawasiliano yanapopita. Msizishike na vidole vyenye mafuta ya chipsi. Zikichafuka, pamba ile ya masikioni, unafuta taratibu, inatosha.

Uso wangu nauweka kwenye kasha gumu la miwani. Halafu kasha hilo naliweka kwenye begi, siyo juu ya dashibodi. Jua la Dar mnalijua, gari likikaa saa mbili nje pale Kariakoo ndani kunachemka, plastiki inapinda. Na wale mnaochomoa uso halafu mnaufungia kwenye droo ya mbele ya abiria, naomba mniambie mmelinda nini. Mwizi akishaingia ndani, droo hiyo ndiyo ya kwanza kufunguliwa. Uso utoke kwenye gari. Uende na wewe benki, uende na wewe kanisani, msikitini, sokoni. Ukiacha gari kwa waosha magari, uso unao. Ukiacha gari gereji usiku mmoja, uso unao. Mimi gereji ndiko ninakohangaika zaidi, kwa sababu pale unaacha na funguo.

Kuna jambo la fundi hapa, na wengi mtaniandikia "yangu hailii". Nisikilizeni. Nyuma ya redio kuna waya wa njano na waya mwekundu. Wa njano unapata umeme wa betri muda wote, ndio unatunza saa na stesheni ulizohifadhi. Mwekundu unapata umeme ukiwasha swichi ya gari tu. Sasa kuna mafundi wakitaka kumaliza haraka wanaufunga mwekundu na wa njano pamoja, wanazungushia utepe, wanakuambia kazi imeisha, redio inaimba. Inaimba kweli! Lakini redio haijui kama umezima gari, kwa sababu kwake umeme haujawahi kukatika. Kwa hiyo mlio hautatoka hata siku moja, na gari likilala siku kadhaa unakuta betri imekufa. Halafu unakwenda kununua betri. Inaniuma sana hii, kwa sababu kuzitenganisha hizo nyaya ni kazi ndogo. Mwambie fundi akuonyeshe: zima gari, redio izime yenyewe. Isipozima, pesa yake isubiri.

Na wenye amplifaya kubwa huko nyuma: mlio huu unatoka kupitia amplifaya ya ndani ya redio. Kama spika zako zote zinaendeshwa na amplifaya ya nje, hutausikia. Kwa hiyo nyinyi inabidi mkono uzoee wenyewe. Unazima gari, unachomoa uso, unatoka. Hata mkanda wa kiti hukuuzoea siku moja.

Sasa ninyi watu wa skrini, najua mnaandika hapo chini. Sizichukii. Kamera ya nyuma ni kitu kizuri, mama yangu anaegesha kwa kamera ya nyuma na ana raha, na redio hii nyembamba haina pa kuionyesha. Hapo skrini imeshinda, nakubali. Lakini zile za Kichina za inchi tisa, inchi kumi, hazichomoki uso. Mtu akipita na tochi anaiona kutoka ng'ambo ya barabara. Mnaniambia imewekwa namba ya siri. Nyingi ukizirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani namba ya siri inafutika, na fundi simu yeyote anajua. Na hata kama haifutiki, kioo chako kimeshavunjwa, dashibodi imeshapasuliwa. Mwizi hakusoma kwanza kama kuna namba ya siri.

Redio nyingine zenye namba ya siri zinatuumiza sisi wenyewe. Redio za Toyota zinazokuja na magari ya Japani, zile za ramani, baadhi yake ukitoa betri tu zinajifunga, zinadai msimbo. Nyingine zinadai ile kadi ya ramani, na kadi ilishatolewa gari likiwa bado Japani. Tena hata ikifunguka, FM yake ni ya Kijapani, inaanzia 76 na zile za zamani zinaishia 90, wakati huku kwetu stesheni zinakwenda mpaka 108. Kwa hiyo unafunga tena kifaa cha kubadilisha masafa. Ukitaka video ya hizo peke yake niandikie, nina moja hapa mezani.

Ah, kabla sijasahau, maikrofoni mpya ndiyo hii mnayoisikia leo. Wale mliolalamika sauti ilikuwa inapepea na upepo, nawashukuru, imefika. Kama ni mara yako ya kwanza hapa, jiunge na chaneli, ni bure.

Turudi. Kuhusu kufunga: redio inakuja na fremu ya bati, unaiingiza kwenye dashibodi, unakunja vile vijimeno, redio inaingia ndani yake. Na inakuja na vyuma viwili vya kuitolea. Sasa mtu mwenye vyuma kama hivyo anaitoa bila hata bisibisi. Kwenye Toyota fanyeni hivi: mwambieni fundi atumie vile vishikio vya pembeni vya redio iliyotoka na gari, afunge kwa skrubu. Hapo mtu akitaka kuitoa lazima atoe plastiki ya dashibodi yote kwanza. Inamchelewesha, na mwizi wa kwenye maegesho hapendi kuchelewa. Nafasi ya Toyota ina upana wa milimita 200 na redio hii ni 180, kwa hiyo mtahitaji plastiki ya kuziba pembeni, na kwa sababu ni nyembamba, milimita 50 kwenda juu, chini yake panabaki tundu. Weka kisanduku cha plastiki pale. Ila simu usiiweke humo ukaondoka!

Vile vile stika. Mnafunga muziki halafu mnabandika jina la kampuni ya spika kwenye kioo cha nyuma, herufi kubwa nyeupe. Unamtangazia nani? Bandua. Na sabufa kwenye IST, buti lake halijajitenga, ukichungulia kioo cha nyuma unaliona boksi. Rudisha kifuniko cha buti, na boksi lifungwe na bolti kupitia sakafuni, siyo skrubu mbili kwenye zulia. Amplifaya iende chini ya kiti.

Bei. Yangu nimeipata Kariakoo, tumeanzia laki tatu na zaidi, tumeshuka mpaka laki mbili na nusu. Zunguka maduka, bei hazifanani. Pioneer, Kenwood na JVC nao wana za uso kuchomoka, kwa hiyo ukikosa hii usikate tamaa, muulize muuzaji achomoe uso mbele yako. Dai risiti yenye namba ya redio. Hiyo namba imebandikwa kwenye mwili wa redio, ikishafungwa huioni tena, kwa hiyo ipige picha kabla fundi hajaanza. Siku ikiibwa, ukienda polisi kuchukua RB, ile namba ya taarifa yako, una namba ya redio ya kuandikisha. Bila namba unaandikisha "redio nyeusi", na redio nyeusi ziko ngapi mjini? Bima nayo, ile ndogo ya lazima hailipi redio yako, inamlipa uliyemgonga. Bima kubwa inaweza kulipa, ila waambie mapema kwamba umefunga redio ya kununua, waiandike.

Na ukikutana na mtu barabarani anauza redio haina boksi, haina risiti, nyaya zimekatwa na kisu zinaning'inia, achana naye. Hizo nyaya zilizokatwa zinakuambia imetoka wapi. Kununua mali ya wizi ni kosa kisheria, na wewe unayenunua ndiye unayemlipa aliyevunja kioo cha jirani yako.

Swali la mwisho, limeulizwa na wengi: uso ukipotea? Unaweza kuagiza uso peke yake, lakini lazima uwe wa modeli yako, na bei yake inauma. Kwa hiyo uwe na sehemu moja tu ya kuuweka ukifika nyumbani. Mimi unakaa na funguo za gari.

Video ijayo ni saidi mira, vile vioo vya pembeni vya gari: kuchonga namba, vyuma vya kuzuia, na ile gundi mnayoniuliza kila siku, nitaijaribu kwenye mira ya mtumba. Andika modeli ya gari lako hapo chini nikuambie plastiki gani ya kuziba itakutosha. Nachomoa uso hapa, nashuka.