Uzoefu wangu na mashine ya kupima oksijeni ya ngozi kwa wazee

Kwa miguu ya wazee, mashine ya elektrodi yenye joto, ile ambayo skrini yake huandika TcPO2 (shinikizo la oksijeni linalopimwa kupitia ngozi), bado ndiyo ninayoitegemea kuliko vipimo vingine visivyohitaji sindano. Ila si ukubwa wa skrini unaoifanya namba iaminike. Inaaminika au haiaminiki kutokana na kile kipande kidogo cha ngozi ulichochagua, pete ya gundi uliyobandika, na subira yako ya dakika 20.

Ndani ya elektrodi kuna waya mwembamba wa platini na pete ya fedha, vyote vimelowa elektroliti, yaani kimiminika kinachopitisha umeme, chini ya utando. Oksijeni inayotoka kwenye ngozi hupenya utando, ikafika kwenye platini na kutumika pale. Mkondo mdogo mno wa umeme unaotokea ndio unaogeuzwa kuwa milimita za zebaki, kipimo cha shinikizo, na namba zote za hapa chini ni za kipimo hicho. Asili yake ni elektrodi ya Leland Clark ya miaka ya 1950. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Ujerumani, wakiwemo akina Huch na Lübbers, waliipasha joto ili ipime watoto wachanga. Hilo lina maana kubwa kwetu. Ngozi ya kichanga ni nyembamba na ina kapilari (vijishipa vidogo kabisa vya damu) tele. Ukiipasha joto inatoa namba inayokaribiana na ya damu ya ateri. Ngozi ya mtu wa miaka 75 haikubali hivyo. Mpaka kati ya tabaka la juu na la ndani umelala bapa, vijitanzi vya kapilari vimepungua, na vilivyobaki huitikia joto kwa uvivu. Kwa hiyo anayelalamika kwamba mashine "inasoma chini" kwa wazee, mara nyingi analaumu mashine isiyo na kosa.

Kalibresheni, yaani kuisawazisha mashine kwa hewa ambayo oksijeni yake inajulikana, ni rahisi lakini haina mchezo. Hewa kavu ina oksijeni asilimia 20.95, hivyo barometa ikisoma 760 utegemee karibu 159. Mahali pa juu ambapo barometa inasoma 630, hewa hiyohiyo inatoa 132. Kama mashine yako haina barometa ndani, ingiza shinikizo la siku ile mwenyewe, usiache la jana. Fanya kalibresheni kabla ya kila mgonjwa. Namba ya hewani ikianza kuhamahama bila kutulia, elektroliti inakauka au kuna kiputo chini ya utando: fungua, futa, weka tone jipya, valisha utando mwingine bila mkunjo. Kipimo cha sifuri, yaani kile cha pasipo na oksijeni, kikikataa kushuka, chunguza platini, kwani fedha hujijenga pale taratibu na kupitisha mkondo usio wa oksijeni. Futa kwa karatasi maalumu ya kusafishia, si kwa kucha wala kitambaa kikavu.

Kazi kubwa iko kwenye ngozi yenyewe. Wazee wengi hupaka mafuta mazito kwa sababu ngozi yao ni kavu, na juu ya mafuta gundi haishiki. Osha, kausha, pitisha alkoholi, subiri ikauke kabisa. Epuka muundi wenyewe ambapo ngozi imelalia mfupa, epuka mshipa unaoonekana, kovu na sugu. Unyayo una tabaka nene mno na utakupa namba ya chini isiyo na maana. Mahali pazuri ni mgongo wa mguu kati ya mifupa, au pembeni mwa muundi penye nyama kidogo. Elektrodi ya pili iende kifuani, chini ya mtulinga, iwe ya kulinganishia. Bandika pete, weka matone matatu hadi matano ya kimiminika cha mguso, kisha funga elektrodi bila kunasa hewa. Mgonjwa alale chali katika chumba chenye joto la nyuzi 21 hadi 23, miguu ikiwa imefunikwa. Asiwe ametoka kuvuta sigara wala kunywa kahawa.

Sasa tazama mchoro, usitazame namba peke yake. Baada ya kufunga, usomaji unatakiwa kuporomoka, wakati mwingine hadi karibu na sifuri, kwa sababu oksijeni iliyonaswa inatumika na damu ya joto bado haijafika. Kisha unapanda taratibu na kutulia. Usipoporomoka, au ukiporomoka kisha ukarudi kwa kasi kuelekea namba ya hewani, pete inavuja. Hili ni la kawaida sana kwenye ngozi yenye mikunjo: mfereji mmoja wa kunyanzi ukipita chini ya gundi unatosha kuharibu kipimo chote. Nyoosha ngozi kidogo kwa vidole viwili unapobandika, ukibonyeza ukingo wa pete kuizunguka yote. Kwa kijana dakika 15 zinaweza kutosha. Kwa mzee mimi siandiki chochote kabla ya 20.

Joto la nyuzi 44 ndilo ninalolipendelea. Ukiweka 45 namba hutulia mapema, lakini ngozi nyembamba inaweza kuungua, hasa kwa mwenye kisukari ambaye hahisi vizuri. Doa jekundu la mviringo baada ya kutoa elektrodi ni la kawaida na hufifia. Lengelenge si la kawaida. Ila hatari kubwa kuliko joto ni kubandua. Ngozi ya mzee huchanika na gundi kirahisi, kwa hiyo lowesha ukingo, shikilia ngozi kwa mkono mmoja, vuta pete ikiwa imelala sambamba na ngozi, polepole. Anayeivuta juu kwa mara moja amemwachia mgonjwa kidonda kipya kwenye mguu uleule tuliokuwa tunahofia hautapona.

Kuhusu maana ya namba: mguuni, zaidi ya 50 kwa kawaida hainitishi. Chini ya 40 kidonda kina kazi ya kupona, na chini ya 30 tunazungumzia upungufu mkubwa wa damu. Ya kifuani ikiwa chini pia, tatizo linaweza kuwa mapafu au moyo, wala si mguu. Gawanya ya mguu kwa ya kifua. Ukipata chini ya 0.6, mguu unadaiwa maelezo. Uvimbe wa maji hushusha namba hata mishipa ikiwa mizima, kwa hiyo usihukumu mguu uliojaa maji. Kumpa mgonjwa oksijeni asilimia 100 kwa dakika 10 husaidia kutofautisha, kwani pasipo tatizo la ateri namba hupanda sana. Jihadhari tu na mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anayehifadhi kaboni dayoksaidi.

Nimelinganisha na njia nyingine. Oksimita ya kidole si mbadala: inapima asilimia ya himoglobini iliyobeba oksijeni kwenye damu ya ateri, haisemi lolote kuhusu ngozi ya mguu. Kamera za rangi za mwanga husoma himoglobini na hazigusi ngozi, jambo zuri kwa ngozi dhaifu, lakini melanini (rangi ya asili ya ngozi) na madoa ya uzee huzichanganya. Vibandiko vya rangi inayong'aa, ambavyo mng'ao wake hufifia oksijeni inapoongezeka, vina faida ya kutotumia oksijeni vinayoipima, na vile vinavyopima muda wa mng'ao havisumbuliwi sana na rangi ya ngozi. Tatizo ni kwamba bila joto, ngozi ya mtu mzima iliyofunikwa huonyesha shinikizo dogo sana, na tabaka lake la juu, hadi karibu milimita 0.4, hujilisha zaidi kutoka hewani. Ukiona mtu anapima uso usiopashwa joto kisha anauza krimu ya "kuongeza oksijeni", muulize kwanza kifaa chake kiliizuiaje hewa ya nje.

Kabla ya kununua, uliza pete, utando na elektroliti vinapatikana wapi na vinadumu muda gani. Pete ni za kutumika mara moja, na mgonjwa mmoja akipimwa sehemu tatu pamoja na kifua, zimekwisha nne.