Spea za pikipiki kuukuu ya safari ndefu: wapi pa kununua ukiwa Dar, kuanzia pa kwanza hadi pa mwisho

Ukiingia Gerezani na pikipiki kubwa ya mwaka 1996, mawinga, wale madalali wa spea, wanakuona kabla hujazima injini.

"Kaka mkubwa, unatafuta nini?"

Sili za shokapu za mbele.

"Za Boxer?"

Hapana, za Africa Twin.

"Zote hizo hizo, njoo huku."

Si hizo hizo, lakini siku ile kosa lilikuwa langu. Nilitaja jina. Katika mji ambao pikipiki maana yake ni bodaboda, majina ya Honda na BMW kubwa kama Africa Twin, Transalp, Pan European au R1150 hayamwambii muuzaji kitu, na asichokijua atakubunia. Ningemtajia kipenyo cha ndani, cha nje na unene, angenyoosha mkono kwenye kabati tungemalizana. Tangu hapo sinunui spea kwa jina, nanunua kwa namba. Mpangilio ulio hapa chini umejengwa juu ya hilo, na ni wa pikipiki za enzi za kabureta na zilizofuata kidogo, tuseme 1985 hadi 2005. Nimepanga kwa kuangalia mahali ninapokwenda kwanza mimi mwenyewe, wala sijaangalia bei peke yake.

1. Maduka ya beringi na sili

Wengi watashangaa sijaanza na mtandao. Lakini fungua gurudumu la pikipiki yoyote kubwa utazame beringi iliyomo: imeandikwa mfano 6204, au 6302, au 6205. Namba hizo si za Honda wala BMW, ni za dunia nzima. 6204 ni milimita 20 ndani, 47 nje, 14 unene, iwe kwenye pikipiki, pampu ya maji au mashine ya kusaga. Honda wenyewe hawafichi: ukikuta namba ya spea 96150-63020-10, soma katikati, 6302 imo humo. Ukiagiza hiyo kutoka Ulaya utalipia usafiri wa kitu kilichokuwa kinakusubiri Kariakoo.

Herufi baada ya namba zina kazi. 2RS maana yake imefungwa kwa mpira pande zote mbili, na hiyo ndiyo ya gurudumu, hasa kwa anayepita kwenye madimbwi ya masika. C3 maana yake ina nafasi kubwa kidogo ndani. Kama ya zamani iliandikwa C3, nunua C3. Sili nazo zina namba tatu mgongoni, mfano 41 54 11. Kama maandishi yamefutika, nenda na kaliba, usiende na kumbukumbu.

Tatizo la mtaa huu ni feki. SKF, NSK, NTN, Koyo, FAG, zote zinachakachuliwa, boksi likiwa linang'aa kuliko la kweli. SKF wana programu ya simu, SKF Authenticate, ya kuhakiki bidhaa yao. Itumie ukiwa bado dukani. Kwa nyingine mimi hutazama maandishi yaliyochongwa kwenye chuma chenyewe, maana boksi linachapwa popote. Kisha naizungusha kwa kidole. Ikikwaruza, nairudisha. Muuzaji akinuna, duka la jirani lipo.

Hapa hapa utapata oringi, mabomba ya mpira na mikanda. Mkanda wa alternator wa BMW R1100 na R1150 ni wa mbavu, unaanza na 4PK: mbavu nne, na namba inayofuata ni urefu kwa milimita. Muuza mikanda ya magari anaisoma lugha hiyo bila kuiona pikipiki. Unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 60,000, na kwa mikweche inayoingia nchini hakuna anayejua ulibadilishwa lini, kwa hiyo badilisha tu.

Kisichonunuliwa hapa ni beringi kubwa ya difu ya nyuma ya hizo BMW za shafti (zisizotumia cheni). Hiyo iagize kwa namba ya kiwanda, na uipeleke kwa fundi anayejua kupima nafasi yake. Ndiyo inayojulikana kwa kufa njiani.

2. Kuagiza nje kwa namba ya kiwanda

Gasketi, mipira ya kabureta, rektifaya (kidhibiti cha chaji ya betri), koili, pampu ya mafuta: usizunguke Kariakoo wiki nzima, agiza. CMSNL ya Uholanzi na David Silver Spares ya Uingereza wana hazina ya Honda za zamani. Kwa BMW kuna Motobins na Motorworks, zote za Uingereza. Webike ni ya Japani. Wengi wao wanakuonyesha mchoro wa injini iliyofumuliwa, kila kipande na namba yake, na mchoro huo una faida hata kama hununui kitu siku hiyo. Mimi nimejifunza injini yangu humo zaidi ya gereji.

Namba yenyewe inasomeka. Ya Honda ina mafungu matatu: tarakimu tano za mwanzo ni aina ya kifaa, herufi na tarakimu za kati, tatu kwa jumla, ni modeli iliyokitumia kwanza, za mwisho ni toleo. MT3 ni ST1100 (ndiyo Pan European), MY1 ni Africa Twin ya toleo la RD07. Ukiona kifaa cha Africa Twin yako kina herufi za modeli nyingine usishtuke, maana yake wameshirikiana, na huenda modeli hiyo nyingine ndiyo bado ina spea nyingi. BMW wanatumia tarakimu 11, na mbili za kwanza ni kundi: 11 injini, 34 breki.

Sasa pesa. Kodi haihesabiwi kwenye bei ya spea peke yake, inahesabiwa kwenye bei, usafiri na bima kwa pamoja. Gasketi ya dola 10 iliyosafirishwa kwa dola 40 haikatwi kodi kama kitu cha dola 10. Juu yake unakuja ushuru wa forodha, halafu VAT ya asilimia 18. Kwa hiyo usiagize kimoja kimoja. Mimi nina daftari. Kila kinachoanza kuchoka nakiandika na namba yake, na mara moja au mbili kwa mwaka tunaunganisha oda marafiki watatu. Usafiri unagawanyika, na boksi moja linakusumbua mara moja.

Usidanganye thamani kwenye ankara ili kukwepa. Mzigo ukipotea utalipwa ule uongo.

Kwa nini nasisitiza vitu vya umeme vitoke nje? Kwa sababu nililipia somo hilo. Rektifaya ni ugonjwa wa Honda nyingi za miaka ya 90, na joto la Dar pamoja na foleni ya Ubungo haviisaidii. Yangu ilipokufa nilinunua "mpya" dukani, bei ya kitonga, boksi zuri. Ilifika Morogoro salama. Katikati ya Hifadhi ya Mikumi, saa kumi na moja jioni, taa zikaanza kufifia, na mahali pale jua likizama wenyeji ni simba. Nikazima kila kinachozimika nikatambaa hadi mjini Mikumi kwa chaji iliyobaki kwenye betri. Siku hizi naweka ya aina ya MOSFET ya Shindengen, FH020AA, ambayo haichemki kama zile za zamani. Nayo ina feki, kwa hiyo pima: injini ikizunguka mara 4,000 hivi kwa dakika, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikipita 15 unachemsha betri. Chini ya 13, huchaji.

Pampu ya mafuta ya Africa Twin XRV750 ina mtego wake. Inakufa kwa sababu pointi za ndani zinaungua, na fundi mwenye huruma atakupa pampu ya Toyota iliyotoka Shaurimoyo. Kataa kwa adabu. Pampu ya gari la injekta inasukuma bar 3 hivi, kabureta inataka sehemu ndogo sana ya hapo. Utaogesha injini kwa petroli. Kinachotakiwa ni pampu ya kabureta ya shinikizo dogo.

3. Kampuni nyingine zenye jina, mkononi mwa msafiri

Pedi za breki za EBC, filta za Hiflofiltro, cheni za DID, plagi za NGK. Ni vitu vidogo, na shemeji anayerudi kutoka London au Dubai anavibeba kwenye begi. Mtumie namba tu, usimpe maelezo. Filta HF303, kwa mfano, inaingia Transalp, Africa Twin XRV750 na ST1100, kwa hiyo agiza nne. Usimbebeshe betri wala oili, atanyang'anywa uwanja wa ndege na lawama zitakurudia wewe.

Plagi zinastahili neno moja zaidi. Africa Twin ina silinda mbili lakini plagi nne, DPR8EA-9. Plagi ya D8EA ya pikipiki ndogo ina uzi ule ule wa milimita 12 na inaingia vizuri kabisa, ndiyo maana utauziwa. Lakini haina R, ule ukinzani wa kuzuia mwingiliano wa umeme, na haina P, ile ncha iliyochomoza. NGK feki nazo zimejaa mjini, na ni sababu nyingine ya kumtegemea shemeji.

4. Spea zilizotumika

Vioo, plastiki, tangi, rimu, siti, mabomba ya moshi, hata injini nzima: chukua, iwe inatoka Japani au kwa mtu aliyekata pikipiki yake hapa mjini. Chuma na plastiki unaviona kwa macho. Usichukue kitu cha umeme kisichojaribiwa mbele yako, wala diski ya breki bila kupima unene. Unene wa chini kabisa umechongwa kwenye diski yenyewe. Shokapu ya nyuma iliyotumika ni bahati nasibu.

Na kama unaishi karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, kagua soketi za nyaya. Ukiona kijani kwenye shaba, chumvi imekwisha kula.

5. Kununua mkweche wa pili

Ukiwa na nafasi ya kuuweka, hii inaweza kupanda hadi namba mbili. Pikipiki ya aina ile ile, iliyokufa injini au iliyogonga, ni ghala lako binafsi. Ninaowajua waliofanya hivyo walianza kwa kuchomoa kioo kimoja wakaishia kufufua zote mbili, na nyumbani hawaelewani tena kuhusu kibaraza.

Hakikisha kadi ipo, na jina la muuzaji ndilo lililo kwenye kadi. Mkweche bila karatasi unaweza kuwa wa mtu anayeutafuta.

6. Kuchonga

Mafundi wa mashine za kukereza wa Dar wanaweza mengi: bushi, spesa, ekseli, uzi wa plagi uliokufa. Wapelekee sampuli na uwaambie chuma kitafanya kazi gani. Gia na kitu chochote cha breki, hapana.

Tairi, pembeni kidogo

Nimezitoa kwenye mpangilio kwa sababu hakuna uchaguzi mkubwa, unapata zilizopo. Vipimo vya XRV750 ya RD07 ni 90/90-21 mbele na 140/80-17 nyuma. ST1100 ya kawaida ni 110/80-18 na 160/70-17. Soma tarakimu nne baada ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Duka linaweza kuiita mpya kwa sababu haijavaliwa, kumbe imekaa juani miaka kadhaa. Halafu soma uwezo wa kubeba. ST1100 ikiwa na lita zake 28 za petroli inapita kilo 300 kabla hujapanda wewe, mama watoto na mabegi.

7. Spea za bodaboda, "inaingia hiyo"

Mwisho kabisa, ingawa si za kutupwa. Nanunua huko tyubu za dharura, mipira ya mishikio, nati, waya wa kufungia. Cheni sigusi: ya bodaboda ni 428, ya XRV750 ni 525, na fundi atakayekushauri ubadilishe sproketi zote mbili ili 428 ikae hajawahi kupanda mlima wa Kitonga akiwa na mzigo.

Balbu nazipata kwa wauza spea za magari, H4 ile ile ya Toyota, ya wati 60 kwa 55. Watakusifia ya wati 100 kwamba inamulika hadi Chalinze. Waya za mwaka 1996 hazikupangiwa mkondo huo. Soketi inaanza kuyeyuka kabla hujafika Kibaha.