Keep It True: Tamasha la Hevi Metali Linalostahili Safari

Tamasha la Keep It True, lililoanza mwaka 2003 na kujijengea jina katika mji mdogo wa Lauda-Königshofen, kusini mwa Ujerumani, ni la wapenzi wa hevi metali ya kale, ile ya magitaa mawili yanayojibizana na mwimbaji anayepandisha sauti hadi kileleni. Mwaka 2017, katika ukumbi wa Tauberfrankenhalle, niliwasikiliza Cirith Ungol, bendi ya California iliyovunjika mwaka 1992 na kurejea jukwaani mwaka 2016, na kando yangu mzee mmoja, kizibao chake cha jinzi kikiwa na viraka vilivyofifia, aliimba kila neno huku machozi yakimtiririka. Meza za santuri nazo zastahili kutengewa muda: muuzaji mmoja aliichomoa sahani kwenye jalada lake, akaiinamisha kwenye mwanga ili nijionee kuwa haina mikwaruzo, ndipo akataja bei. Nyumba ya wageni niliyofikia ilikuwa mbali mno, kwa hiyo ni vyema kutafuta malazi mapema. Sauti, nashukuru, ilisikika vizuri hata nilipokaa nyuma kabisa.